Aliyekata Kitenge Si Shangazi Mwadi

Likasi, hapa nyumbani Kikula, Jumapili mchana

Ngoie, binti yangu, mama yangu,

Mambo ya sanduku tumeyamaliza. Blanketi liko chini, viatu viko pembeni, sabuni nimeifunga peke yake isinukishe nguo. Na yale ya kula vizuri, kuamka mapema na kujihadhari na wavulana wa mjini, umeyasikia tangu wiki iliyopita mpaka umechoka kuitika. Leo siyarudii. Nimekaa kwenye meza ya kukatia, nimesukuma vitambaa pembeni. Baba yako bado yuko kanisani kwenye mkutano wao wa wanaume, wewe umekwenda kuaga wenzako, nami nimechana karatasi za daftari lako la zamani. Nina neno ambalo ungetakiwa kulisikia miaka mingi iliyopita, na lisipokufikia kabla ya kesho jioni nitakuwa nimekosa mara ya pili.

Unakumbuka asubuhi tulipokuwa tunakunja lile gauni la kijani? Ulishika mkasi wako mdogo ukasema, "Hii napeleka, lakini nikifika kwa shangazi Mwadi nitaificha. Asikuye kukata tena kichwa ya mukubwa!" Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, Ngoie. Nilicheka kwa meno tu. Halafu nikatoka nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Katika nyumba hii mtu akiharibu kitu, tunasema amekata kama Mwadi. Seremala akikosea mlango, amekata kama Mwadi. Wewe ulipokuwa mdogo hata meno hayajatimia ulipasua mkate vibaya ukasema mwenyewe, "Nimekata sawa Mwadi," na wageni wakakupigia makofi. Neno hilo nililiingiza mimi humu ndani. Na kesho jioni utafika kwa huyo Mwadi, dada wa baba yako, utalala chini ya bati lake na kula chakula chake miaka yote ya shule yako ya uuguzi, na neno hilo litakuwa mdomoni mwako. Siwezi kukuacha uende nalo.

Basi nakuambia waziwazi kwanza, kueleza kutakuja. Aliyekata si Mwadi. Ni mimi.

Sasa nianze mbali kidogo, maana ujinga wangu wa pili ulitoka kwenye ule wa kwanza. Nilipoolewa na baba yako tuliishi kambini, kwenye nyumba ya Kampuni, kabla hatujajenga hapa Kikula. Wake wa wafanyakazi tulikuwa tunakwenda foyer, nyumba ya mafunzo ya wamama, mara tatu kwa wiki kujifunza kushona. Alitufundisha sista mmoja mrefu, mwenye mikono ya baridi, na alikuwa na magazeti ya mitindo kutoka Ulaya. Katikati ya kila gazeti kuna ile karatasi kubwa ya patroni unayoijua, michoro ya kukatia nguo, mistari juu ya mistari, myekundu, myeusi, ya nukta nukta. Siku ya kwanza niliona kama mtu amemwaga tambi mezani. Lakini nilishika upesi. Nilitafuta mstari wangu, nikaufuata kwa kidole, nikaunakili kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikakata gauni langu la kwanza la maisha, la kwenda misa ya Pasaka. Bega limekaa, kiuno chembamba, sawasawa na picha.

Halikuingia! Lilishuka mpaka kwenye makalio likagoma. Kumbe patroni za magazeti yale hazina nafasi ya mshono, mtu anaongeza mwenyewe, upana wa kidole kimoja na nusu kila upande. Sista alikuwa amesema. Mimi wakati huo nilikuwa napiga domo na jirani yangu. Pasaka ile nilikwenda kanisani na kitenge cha zamani, nimevimba kwa hasira, na hata Aleluya sikuiitikia.

Mtu mwenye akili angejifunza kusikiliza. Mimi nilijifunza kuongeza kidole kimoja na nusu, basi. Mwaka uliofuata nikapata diploma ya foyer, baba yako akaniletea mashine hii ya kukanyaga, na kambi nzima ikajua. Nguo za dukani zilikuwa za wake wa makarani. Mimi nilisimama dirishani kwa duka, nikatazama kola, nikatazama mikono, nikarudi nyumbani nikatafuta patroni inayokaribia, nikaikunja hapa, nikairefusha pale, na Jumapili nikapita mbele ya duka lile lile nimevaa kitu ambacho wao hawana. Raha ile, Ngoie, siijutii hata leo. Ninachojutia ni mdomo uliokuja pamoja nayo.

Mwadi alikuja kukaa kwetu akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amemaliza shule, na mfukoni alikuwa na barua ya kukubaliwa katika shule ya wauguzi, Lubumbashi. Ndiyo. Sawa na yako. Alikuwa anangoja tu masomo yaanze. Msichana mwembamba, anaimba akifagia, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kila jambo. Nilimfundisha kushika mkasi, naye akawa ananishikia pini. Alikuwa mpole, lakini jicho lake lilikuwa kali kuliko langu, aliona mshono uliopinda kabla sijauona. Hilo sikulipenda.

Wakati ule mambo ya kucheza na kuimba kwa ajili ya Chama ndiyo yalikuwa yanapamba moto. Kila kambi ilitakiwa kuwa na kundi la wamama la kumsifu Kiongozi wakubwa wakija. Ikatangazwa kwamba mgeni mzito atafika Jumapili. Jumatatu ya wiki hiyo, kabla ya Jumapili yenyewe, mkuu wa seksheni ya Chama pale kambini akaniletea kitenge kipya, cha kijani, na ndani ya kila duara picha ya Kiongozi mwenyewe, kofia na miwani, ukubwa wa sahani.

"Blauzi kumi na mbili, sitwayeni," akaniambia, yaani mwananchi, maana ndivyo tulivyoamriwa kuitana. "Na kitambala kimepimwa, unasikia?"

Nilisikia. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Alipotoka nilikitandika sakafuni nikakipima kwa macho, nikaona kwamba nikipanga vipande kijanja, kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini, viingiliane kama samaki kwenye kopo, nitabakisha. Ndivyo sista alivyotufundisha kwa vitambaa vya maua madogo, na kwa maua madogo hakuna ubaya. Na nilitaka kubakisha kwa sababu kwenye gazeti nilikuwa nimeona kigauni cha mtoto mchanga, kina mikono ya kujaa upepo na mikunjo midogo kifuani. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Haikuwa njaa wala shida. Nilitaka kijipande cha kitenge cha Chama nikuvalishe wewe, majirani waone.

Nikakikunja uso ndani, mgongo nje, ili chaki isichafue upande mzuri. Ukikunja hivyo unaona rangi iliyofifia tu. Mwadi alikuwa amepiga magoti karibu yangu, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Yaya, hii kitambala iko na kichwa na miguu. Tufungue kwanza, tuangalie."

"Weye njo utanifundisha minye? Diplome ya foyer ni ya nani humu?"

Akarudia, polepole, bila kiburi: "Yaya, ile mapicha ya ndani itageuka."

Nikasonya, nikakata. Nilikata blauzi zote kumi na mbili mchana mmoja, migongo kumi na miwili, vipande vya mbele kumi na viwili, na mikono yake. Na nilikuwa naimba, niamini.

Tulipofungua, mama wee! Vipande vya mbele vilikuwa sawa, Kiongozi anatutazama na miwani yake. Migongo yote kumi na miwili alikuwa amesimama kwa kichwa, kofia chini, kidevu juu. Na kwenye blauzi tatu mstari wa shingo ulikuwa umepita barabara kwenye shingo ya picha. Mkasi wangu ulikuwa umemkata kichwa mkuu wa nchi mara tatu. Usicheke. Ulipopata akili watu walikuwa wameshazoea kidogo. Wakati ule mtu aliweza kuitwa ofisini kwa kufungia samaki kwenye gazeti lenye picha ile. Hata barua hii, tafadhali, usiiache ovyo.

Niliketi sakafuni na vile vipande mapajani. Hapo Mwadi angeweza kusema, nilikuambia. Mimi ningesema, na ningerudia mpaka kesho yake. Yeye alisema tu, "Tutatengeneza, yaya," akaanza kuokota pini.

Hatukupata muda. Mkuu wa seksheni alisema atakuja Jumamosi, akatokea kesho yake asubuhi, bila hodi, kuona kazi imefika wapi. Baba yako alikuwa kiwandani. Yule bwana akainua kipande kimoja cha mgongo, akakigeuza, akakigeuza tena. Akainua kimoja cha shingo. Uso wake ukabadilika rangi, na sasa ninavyojua watu nadhani hata yeye alikuwa anaogopa, maana kitambaa kilimponyoka mkononi.

"Nani alikata hii?"

Nilifungua mdomo, Ngoie. Naapa niliufungua. Niliona yote kwa mara moja, baba yako amefukuzwa, nyumba ya Kampuni imefungwa kufuli, na wewe unazaliwa kwenye baraza la watu. Mdomo ulikuwa wazi na hakikutoka kitu. Nyuma yangu nikasikia sauti:

"Ni minye. Yaya alikuwa amelala, tumbo ilikuwa inamuluma."

Mwadi alijitaja yeye. Msichana wa miaka kumi na minane, mwenye barua ya shule mfukoni. Nami nikaufunga mdomo wangu.

Walimweka siku tatu kwenye ofisi ya seksheni, mchana wanamfagiza uwanja mbele ya wapita njia. Siku ya tatu wakamwachia na maneno mawili. La kwanza, asikae tena kambini. La pili, ile karatasi ya mwenendo mwema ambayo shule ya wauguzi ilikuwa inaidai, na ambayo mkuu yule ndiye mwenye kuitia muhuri, asiitazamie. Bila karatasi ile, barua yake ya shule ilifaa kufungia karanga tu.

Na baba yako hakujua kitu. Alijua alichoambiwa, kwamba mdogo wake kwa uzembe wake karibu amwangushe. Alimngoja mlangoni. "Nilikufungulia mulango yangu, weye unataka kuniua kazi?" Akalichukua furushi la Mwadi kwa mikono yake, akaliweka nje. Mwadi alinitazama mara moja. Hakuniomba kitu kwa macho yale, ndiyo maana siwezi kuyasahau. Nilikuwa nimesimama pale na mkono juu ya tumbo lako, nikatazama sakafu. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Ya pili kwa aibu. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Sasa sikia jambo linalonichoma kuliko yote. Katika zile siku tatu nilikuwa nazishona upya zile blauzi kama mwenda wazimu. Migongo niliikata kwa upana, chini kidogo ya mabega, nikaigeuza ile sehemu ya chini ili picha zisimame, nikaikusanya kwa mikunjo midogo, nikaiunga kwenye kipande kipya cha mabega nilichokitoa kwenye masalio yangu, yale niliyokuwa nimekuwekea wewe. Zile tatu zilizokatwa shingo niliziwekea kola pana, picha ikafichika. Na Jumapili ile, wamama walipocheza mbele ya mgeni, ile mikunjo ya mgongoni ilikuwa inafunguka na kujifunga kila wakiyumba, Ngoie, ilipendeza kweli! Mgeni akapiga makofi. Jumatatu wanawake wakajaa mlangoni kwangu: "Mama, na minye nataka ule mugongo." Jina langu la ushonaji lilianzia hapo. Ule mgongo wenye mikunjo ambao nimekushonea tangu utoto, ambao watu wanakusimamisha njiani kuuliza patroni yake, unatoka kwenye kosa lile. Mimi nikapata sifa. Mwadi akapata neno.

Maana wanawake wale waliuliza pia, hivi ni kweli wifi yako aliharibu kitambaa? Nikacheka, nikasema, aa, wasichana wa siku hizi, mmoja akikata kama Mwadi mtu ufanyeje! Nilitaka tu mazungumzo yaishe. Wakacheka, wakalibeba, wakalirudisha kwangu, na baba yako akalichukua kwa hasira, nawe ukalinyonya pamoja na maziwa.

Mwadi alikwenda Lubumbashi akafanya kazi ya nyumba kwa madamu mmoja, mke wa mwalimu wa kigeni. Miaka na miaka. Ulipozaliwa, hujatimiza mwezi, mtu mmoja wa treni aliniletea bahasha. Ndani hakukuwa na barua. Kulikuwa na karatasi ya patroni imekunjwa, madamu alikuwa ametupa gazeti lake, na Mwadi alikuwa amezungushia mstari mmoja kwa kalamu ya risasi: kigauni cha mtoto, mikono ya kujaa upepo. Alikuwa ameniona ninavyokitazama. Pembeni ameandika, "Yaya, ongeza nafasi ya mshono." Nililia nikakushika vibaya mpaka nawe ukalia.

Tangu siku ile hakuacha. Wewe ulidhani magazeti yetu yanatoka kwa masista, na mimi nilikuacha udhani. Hapana. Gauni lako la komunyo ya kwanza, ile sketi ya vipande sita, koti la kijivu ulilovaa mpaka mikono ikafupika, na lile gauni la kijani la leo asubuhi, kila patroni ilitoka kwa Mwadi. Madamu alipoondoka, aliendelea kununua magazeti makuukuu sokoni, kwa pesa yake. Na kila mara pembeni, kwa mwandiko ule ule: "Hii haina nafasi ya mshono." "Hii iko nayo tayari, usiongeze." Mimi nilituma unga, nilituma samaki wakavu, nilituma asante. Neno lenyewe sikulituma. Na hakuna siku aliyolidai.

Ulipofaulu, kabla hata hatujakaa kufikiri utalala wapi, yeye akatuma ujumbe: "Mutoto akuye kwangu. Chumba iko." Anakupokea uende shule ile ile ambayo yeye hakuiingia. Nilipoupata ujumbe ule nilikaa chini hapo hapo kwenye ngazi.

Kwa hiyo, Ngoie, ukifika, mwambie shangazi yako kwamba mama yako anaomba

Nimeacha hapo. Baba yako amerudi.

Nimemaliza kula naye, au yeye amekula na mimi nimetazama. Nikaona kwamba siwezi kukuandikia wewe jambo ambalo yeye, kaka wa Mwadi, halijui. Nikamwambia. Kwa maneno machache kuliko haya, na kwa sauti mbaya. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua karatasi hizi akazisoma tangu mwanzo, kidole kikifuata mstari, unajua anavyosoma. Alipofika kwenye furushi alilotoa nje, kidole kikasimama. Nilidhani atanipiga, ambayo hajafanya tangu tuoane. Alitoka, akanawa uso kwenye ndoo, akarudi.

"Miaka yote hii," akasema, "minye nilikuwa namusalimia sawa mugeni. Mudogo wangu."

"Najua."

"Hujui."

Akakaa. Akasoma ule mstari wa mwisho, ule usiokwisha. Akauwekea kidole.

"Na hii ni nini? Unatuma mutoto akuombee musamaha?"

"Nilikuwa nataka..."

"Hapana. Mutoto hapana. Weye mwenyewe utaenda. Na minye nikipata mapumziko mwezi unaokuya nitaenda na yangu."

Halafu, Ngoie, alivaa tena koti lake la Jumapili, lile nililolishona mimi, akaenda gare, kwenye stesheni ya treni. Amekwenda kunitafutia nafasi karibu na yako. Mstari ule nimeukata, kama unavyoona, lakini sikuufuta kabisa. Nataka uone nilikuwa karibu kufanya nini. Nilikuwa karibu kumweka msichana mwingine mbele yangu.

Nina muda mdogo kabla hujarudi, na bado sijakushukuru wewe. Kuhusu kushona sina tena la kukufundisha. Nimekutazama: kitambaa kikifika mkononi mwako, jambo la kwanza unalofanya ni kukifungua chote na kukitazama, kabla hujagusa chaki. Hakuna aliyekuambia, hata mimi sikuthubutu. Na asante kwa kuzivaa nguo zangu. Mtoto anaweza kuona haya kuvaa ya nyumbani. Mwaka ule mlipokwenda Mulungwishi na kwaya ya shule kuimba, mwalimu wenu alinisimulia kwamba wasichana wa kule walikuuliza duka gani, nawe ukajibu kwa sauti, "Duka gani? Mama yangu alishona." Nilitembea na jibu lile wiki nzima, hata sokoni nilikuwa nacheka peke yangu. Sasa unajua kwamba katika jibu lile kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakutajwa. Ukiulizwa tena huko Lubumbashi, mtaje.

Sikuombi unitetee. Ukinikasirikia, kasirika, ni haki yako, na ni bora unikasirikie mimi kuliko kumcheka yeye. Nakuomba kitu kimoja tu, ukiona siku moja mdomo wako umefunguka na hakitoki kitu, usingoje siku ya pili. Siku ya pili ni ngumu zaidi, mimi nimeipima.

Na nimshukuru Mungu hapa, kwa kalamu, maana kanisani leo nilishindwa. Nilipewa wifi ambaye sikustahili, aliyenifichia aibu yangu, akalinda kazi ya kaka yake, akakuachia paa la kuzaliwa chini yake, halafu akakaa mbali akikuvika nguo kwa mikono yangu. Watu wengine wanapewa kitu kama hicho hawajui. Mimi nilijua kila siku.

Kesho nitakupa karatasi hizi treni ikishatoka gare, si kabla. Nitakuwa upande wa dirisha, nitajifanya naangalia miti. Soma polepole, usiruke. Ukimaliza usiseme kitu kwanza, nirudishie tu. Njia ni ndefu ya kutosha, tutaongea ukiwa tayari, au hatutaongea mpaka tufike.

Tukifika kwa Mwadi, wewe tangulia umsalimie, halafu nipishe nipite. Na kama pale mlangoni miguu yangu itagoma, Ngoie, mwanangu, nisukume.

Mimi mama yako